Kalasi moja, watoto wa namna mingi: kufundisha kusoma na kuandika ku masomo ya Lubumbashi

Ya tatu mwaka ndipo shida inaonekana wazi. Mpaka hapo mtoto anaweza kupita bila kusoma hata neno moja, juu anajua kunakili. Mwalimu anaandika ku tablo, mtoto anahamisha ku kaye, herufi zimepangwa vizuri, mistari imenyooka, na mzazi anayefungua kaye ile jioni anaona kazi safi. Lakini funga kaye, chukua kipande cha karatasi, andika "samaki" na umuombe asome: anabaki kimya, ama anataja herufi ya kwanza tu. Ku benchi hiyohiyo, pembeni yake, iko mwenzake anayesoma gazeti la baba yake bila kusimama. Wote wawili wanapewa somo moja, ukurasa mmoja, na interro moja siku ya Ijumaa.

Benki ya Dunia inakadiria kwamba ndani ya Kongo, kati ya watoto 100 wenye umri wa miaka 10, 97 hawawezi kusoma maandishi mepesi na kuyaelewa. Hesabu hiyo inaingiza pia watoto wasioenda masomo, lakini wengi wao wako ndani ya kalasi, wanakuja kila asubuhi na uniforme yao. Toka Septemba 2019, wakati serikali ilianza kutekeleza elimu ya primeri bila malipo iliyoandikwa ku kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kalasi za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba zilijaa. Watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa feza waliingia pamoja na wale waliopita ku maternelle. Mlango ulifunguliwa, na hilo lilikuwa jambo la lazima. Kilichobaki ni kujua namna ya kufundisha watoto wasiofanana.

Jibu la walimu wa nchi nyingi linaitwa kufundisha kwa kutofautisha. Maana yake si kuandaa somo 80 kwa watoto 80. Maana yake ni kwamba lengo linabaki moja, kila mtoto asome na aandike, lakini njia, muda na msaada vinabadilika kufuatana na pale mtoto alipo.

Lugha ya nyumbani na lugha ya kitabu

Ku Lubumbashi tofauti ya kwanza iko ndani ya kinywa. Sheria-mfumo ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Kwa primeri, programu inataka mtoto wa ya kwanza na ya pili mwaka ajifunze kusoma kwa lugha ya taifa ya eneo lake, huku akizoea kusikia na kusema Kifaransa. Toka ya tatu Kifaransa kinachukua nafasi kidogo kidogo, na mwisho wa ya sita ENAFEP inamngojea kwa Kifaransa. Kwa Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika, Kivu zote mbili, Maniema na Ituri, lugha ya taifa ni Kiswahili. Mradi wa ACCELERE!, ulioanza 2015 kwa feza za Marekani na Uingereza pamoja na wizara ya elimu, ulitoa vitabu vya kusomea vya Kiswahili, Lingala na Tshiluba kwa kalasi za chini.

Lakini Kiswahili cha kitabu si Kiswahili cha Kamalondo. Kitabu kinasema "maji", mtoto anasema "mayi". Kitabu kinasema "nguvu", mtoto anasema "ngufu". "Watoto" kwake ni "batoto", "mtu" ni "mutu", "hapa" ni "apa". Hapo mwalimu anapashwa kutenga makosa mawili yasiyofanana hata kidogo. Mtoto anayeandika "mayi" amesikia vizuri, amegawa silabi vizuri, na kila sauti ameipa herufi yake. Anajua kuandika, kinachomkosa ni namna neno linavyoandikwa kitabuni, na hilo linasahihishwa kwa dakika moja. Anayeandika "saki" kwa "samaki" ameruka silabi nzima, na huyo anahitaji kurudi ku kugawa neno: sa-ma-ki, mkono ukipiga meza mara tatu. Wote wawili wakipewa alama nyekundu moja na sifuri moja, wa kwanza anajifunza kwamba kinywa chake ni kibaya, na wa pili hajifunzi kitu.

Tena si kila nyumba ya Lubumbashi inasema Kiswahili. Iko mtoto aliyefika toka Kasaï na Tshiluba chake, mwingine toka upande wa Kasenga na Kibemba. Na iko yule wa mjini kati ambaye mama na baba wanamsemesha Kifaransa tu. Kwa mtoto wa Kasenga, masomo mawili yanakuja pamoja: maneno mapya ya Kiswahili na herufi zake. Akikwama ku "kisu", mwalimu aulize kwanza kama anakijua kisu kwa jina hilo. Hakuna mtu anayeweza kusoma kwa kuelewa neno asilolijua kwa masikio.

Na Kifaransa kinaleta mambo yake. Kiswahili ni lugha nyepesi kwa msomaji mpya: sauti za vokali ni tano, na kila moja inaandikwa namna moja. Mtoto anayejua vokali tano na konsonanti kumi amepata silabi 50, na ku silabi 50 anaweza kusoma mamia ya maneno. Kifaransa hakitoi zawadi hiyo. Sauti moja ya "o" inaandikwa o, au, ama eau, na herufi nyingi za mwisho hazisemwi. Mtoto aliyeanza na Kiswahili akifika ku "table" anasoma ta-ble, na "e" yake inasikika mpaka nje. Mtoto aliyeanza na Kifaransa anafanya kinyume: "chai" anaisoma "shai", "kuku" anaiandika "koukou", "pete" anaikata nusu. Huo si ujinga. Kila mmoja anatumia kanuni ya lugha moja ndani ya lugha ingine, na mwalimu anayezijua kanuni zote mbili anaweza kuwaonyesha mpaka uko wapi. Jedwali ndogo ku ukuta, Kiswahili upande huu na Kifaransa upande ule, ou mbele ya u, sh mbele ya ch, inafanya kazi kubwa kuliko maonyo mengi.

Kongo imezunguka sana ndani ya jambo hili. Programu ya 1962 iliweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia nchi nzima, halafu miaka ya 1970 lugha za taifa zikarudishwa ku kalasi za kwanza. Watu wengi wa Lubumbashi walisema Kiswahili siku zote bila kufundishwa kuandika Kiswahili hicho. Matokeo yake yanaonekana ndani ya maandishi maarufu ya mji huu, "Vocabulaire" ya Elisabethville, historia iliyopigwa mashini mwaka 1965 kwa jina la watu waliokuwa maboi ndani ya nyumba za wazungu, na kuchapishwa baadaye na mwanaantropolojia Johannes Fabian. Maneno yamekatwa ama kuunganishwa kwa namna ambayo msomaji anapotea, mpaka Fabian alihitaji mtu wa Kiswahili hichohicho ayasome kwa sauti ili maana itoke. Waandishi wale walikuwa na mambo mazito ya kusema, ila hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha kuandika lugha waliyoisema.

Kujua kila mtoto yuko wapi

Kutofautisha kunaanza na kupima, na kupima huko ni kwa mdomo, mtoto mmoja mmoja. Interro ya kuandika haionyeshi kitu juu mtoto anayenakili anaweza kunakili toka kwa jirani. Njia inayojulikana sana Afrika Mashariki ni ile ya Uwezo, iliyoanza 2009 Kenya, Tanzania na Uganda. Mtoto anapewa karatasi yenye ngazi: silabi, halafu maneno, halafu aya fupi, halafu hadithi. Pale anaposimama ndipo alipo. Haijalishi ni wa kalasi gani.

Mwalimu mwenye watoto 80 atasema hana muda. Hesabu yake ni hii: dakika mbili kwa mtoto ni dakika 160. Ukigawa kwa siku tano za juma, ni watoto 16 kwa siku, kidogo zaidi ya nusu saa, wakati wengine wananakili ama wanachora. Baada ya juma moja ana liste inayomwambia kitu ambacho ripoti za trimestre hazijawahi kumwambia. Mara nyingi liste hiyo inashangaza: mtoto wa ya pili mwaka anayesoma hadithi, na mwingine wa ya tano anayesimama ku silabi.

Wazo la kufundisha kufuatana na ngazi, si kufuatana na umri, lilikuzwa na shirika la Pratham, lililoanza Mumbai, India, mwaka 1995. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo la Nobel 2019 pamoja na Michael Kremer, walilipima kwa miaka mingi. Lakini mfano wa karibu hauko India. Uko ng'ambo ya Kasumbalesa. Zambia ilijaribu programu inayoitwa Catch Up mwaka 2016 ndani ya masomo 80 ya majimbo ya Mashariki na Kusini, kwa watoto wa kalasi ya tatu mpaka ya tano, kisha ikaipanua. Kwa saa moja hivi kila siku, watoto wanaacha kalasi zao na kukaa kufuatana na ngazi yao ya kusoma. Saa ikiisha, kila mmoja anarudi kwao. Vitabu vingi havihitajiki; kinachohitajika ni walimu kukubali kuachiana watoto, na hapo ndipo kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana ku karatasi, juu kila mwalimu ana kalasi "yake", na direkta pamoja na inspekta wanataka kuona ukurasa wa programu umefikiwa.

Saa moja, makundi matatu

Kama masomo hayawezi kuchanganya kalasi, mwalimu mmoja anaweza kufanya kitu ndani ya kuta zake. Makundi matatu yanatosha: wanaojifunza silabi, wanaosoma maneno na sentensi fupi, na wanaosoma hadithi. Zaidi ya matatu, mwalimu peke yake anapotea.

Mabenchi ya masomo mengi ni mazito, hayasogei. Basi makundi yanafuata mistari: safu ya kushoto, ya kati, ya kulia. Mwalimu anakaa na kundi la silabi dakika 20, juu hao njo hawawezi kujiendesha. Kundi la kati linasoma wawili wawili, mmoja anafuata kwa kidole na mwingine anasikiliza. Kundi la juu linasoma kimya halafu linaandika maswali matatu juu ya hadithi, na wenzao watayajibu. Dakika 20 zikipita, mwalimu anasogea. Kundi moja linaweza kutoka chini ya mwembe, kama mvua haijaanza.

Kwa kundi la silabi, kadi zilizokatwa ku makartoni ya sabuni zinatosha: ma, ta, ki, sa, bu. Mtoto anaunga "kita" na "bu", anaona "kitabu" kinatoka mkononi mwake. Mchezo huu unaonekana wa kitoto kwa mtoto wa miaka 11, na hapo iko hatari. Mtoto mkubwa apewe silabi zilezile ndani ya maneno ya maisha yake: makala, mafuta, soko, taksi, simu.

Hatari ingine ni majina. Kundi likiitwa la wajinga, hata kwa mzaha wa watoto wenyewe, limekufa. Walimu wengine wanatumia majina ya miti ama ya mito, Lualaba, Lufira, Luapula, na wanahakikisha kwamba liste inabadilika. Hilo la kubadilika ndilo linalotenga kufundisha kwa kutofautisha na kule kupanga watoto mbele na nyuma kulikozoeleka toka zamani, wenye akili mbele, wengine ku ukuta. Mtoto akipimwa tena kila mwezi na kupanda, anajua kundi ni kituo cha basi, si nyumba. Akibaki mahali pamoja mwaka mzima bila mtu kumpima, kundi limekuwa gereza dogo, na ingekuwa afadhali lisiwepo.

Kuandika hakufuati kusoma kila mara

Ndani ya kalasi nyingi, kuandika maana yake ni kunakili na dikte. Zote mbili zina kazi yake, lakini hakuna hata moja inayomtaka mtoto aseme kitu chake. Kuna njia nyepesi inayofaa kalasi yenye ngazi mingi: mtoto anasema sentensi kwa mdomo, mwalimu anaiandika ku tablo kama ilivyosemwa, halafu kila kundi linaifanyia kazi tofauti. Tuseme sentensi ni "Jana mvua ilibomoa ukuta yetu." Kundi la silabi linatafuta mahali pote penye "u". Kundi la kati linaandika sentensi upya na kubadilisha neno moja: si mvua, ni mti, si jana, ni leo. Kundi la juu linaendelea na hadithi, na wao njo wanaulizwa kama kitabu kingeandika "yetu" ama "wetu". Somo ni moja, tablo ni moja, na hakuna anayekaa bure.

Ardwazi, ile ya zamani ya kuandikia kwa kreye, bado ni chombo bora kuliko kaye kwa wanaoanza. Kosa linafutwa kwa kiganja. Ku kaye kosa linabaki, na mtoto mwoga anaacha kujaribu neno refu.

Macho, masikio, mkono

Shida ingine ya kusoma si ya kusoma. Mtoto anayekunja macho, anayesimama benchini ili aone tablo, ama anayenakili kaye ya jirani siku zote, pengine haoni mbali. Mtoto anayejibu kitu kisichoulizwa, anayegeuza kichwa upande mmoja, pengine hasikii vizuri sikio moja. Mwalimu hawezi kutibu, ila anaweza kumleta mbele, kuandika herufi kubwa, kusema kila neno anapoliandika, na kuacha kusema akiwa amegeukia tablo, juu mtoto asiyesikia vizuri anasoma midomo. Kisha amwambie mzazi waziwazi kwamba mtoto apelekwe kupimwa.

Mwenye kigugumizi apimwe kwa namna ingine. Akisomeshwa kwa sauti mbele ya wote ataonekana hajui, na pengine anajua kuliko wote. Asome kimya, halafu aonyeshe kwa kidole jibu ku picha ama aliandike. Anayeandika kwa mkono wa kushoto aachwe na mkono wake. Kumlazimisha wa kulia kunamchelewesha tu, hata kama bibi nyumbani hafurahii.

Dislekisia iko pia, na ndani ya Kiswahili inajificha. Ku lugha ambazo herufi na sauti zinafuatana vizuri, utafiti wa Italia na Ujerumani ulionyesha kwamba mtoto mwenye dislekisia mara nyingi anasoma sawasawa, lakini polepole sana, kama mtu anayevuka mto akitafuta mawe. Mwalimu anayehesabu makosa tu hatamwona. Anayeangalia muda atamwona. Huyo anahitaji maandishi mafupi, muda mrefu, na kusoma tena maandishi yaleyale mara tatu ama nne mpaka yatiririke.

Kwa mtoto asiyeona kabisa, braille inahitajika, na kwa kiziwi lugha ya ishara. Hapo kalasi ya kawaida yenye mwalimu asiyefunzwa haitoshi hata akiwa na moyo mzuri. Sheria-organike nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu inampa mzazi mahali pa kusimamia anapoambiwa kwamba mtoto wake hana nafasi ku masomo.

Waliochelewa kuanza

Kwa watoto waliopita umri, wengine wakitoka ku machimbo, wengine wakikimbia vita vya Kivu na Ituri, nchi ina vituo vya kurudisha masomo, vinavyojulikana kwa herufi CRS, ambapo miaka sita ya primeri inafanywa kwa mitatu. Mtoto wa miaka 12 anayekaa ya kwanza mwaka kati ya wadogo wa miaka 6 haendelei sana. Aibu inamtoa kabla ya Noeli. Lakini hata ndani ya CRS ngazi zinachanganyika: aliyefika ya tatu kabla ya kukimbia hakai pamoja na yule asiyewahi kushika biki. Redio imesaidia wakati mwingine: mwaka 2020, masomo yalipofungwa juu ya Covid, Radio Okapi na wizara walirusha Okapi École, na mtoto aliyekuwa mbali na tablo aliweza kusikia somo. Redio inafundisha sauti na maneno vizuri. Herufi, hapana, hapo mtu wa karibu anahitajika.

Nyumbani, hata bila vitabu

Mzazi anaweza kufanya kile kipimo cha dakika mbili yeye mwenyewe. Aandike silabi tano, maneno matano, na sentensi mbili ambazo mtoto hajawahi kuziona ku kaye. Kama mtoto wa ya tatu anasimama ku silabi, mzazi aende kumwona mwalimu mapema, Oktoba ama Novemba, asingoje buletini ya mwisho wa mwaka wakati kinachobaki ni kurudia kalasi. Na swali la kumuuliza mwalimu si "ana pwe ngapi?", ni "anasoma nini, na anasimama wapi?"

Mzazi asiyejua kusoma anaweza pia. Mtoto aandike liste ya soko: unga, kapenta, lengalenga, mafuta, chumvi. Waende wote wawili, na mtoto aisome kwa sauti mbele ya mama muuzaji, mzazi akihesabu kwa vidole vitu alivyoviagiza. Vikifika vinne tu ndani ya mfuko, mtoto achukue liste na aisome tena kabla hawajatoka sokoni.